Lang'ata ilivyomtoka Raila: jibu kwa msomaji wa Highrise

Msomaji mmoja wa mtaa wa Highrise, Nairobi, ananiuliza hivi: "Mwalimu, hujambo? Nilipiga kura kwa mara ya kwanza 2022. Babangu huniambia Lang'ata ilikuwa ya Raila, alishinda kila aliposimama, kwa chama chochote kile. Sasa mbona 2017 kiti kikachukuliwa na Jubilee, chama cha Uhuru Kenyatta, miaka minne tu baada ya yeye kuondoka? Watu walimgeuka? Na kabla yake kiti kilikuwa cha nani?"

Sijambo, binti yangu. Babako hajakudanganya. Raila Odinga alishinda Lang'ata mwaka 1992, mara mbili mwaka 1997, kisha 2002 na 2007, kwa tiketi za FORD-Kenya, NDP, NARC na ODM. Ushindi mara tano, tiketi nne. Lakini unavyouliza ni kama Lang'ata ya 2007 na Lang'ata ya 2017 ni eneobunge lile lile, na hapo ndipo mambo yanapochanganyika. Nyinyi wa Highrise mlibaki na jina. Sehemu kubwa ya wapiga kura waliomrudisha Raila bungeni kwa miaka 20 ilimegwa ikapewa eneobunge jipya la Kibra, lenye mtaa wa Kibera, na Katiba mpya ikamtoa Raila mwenyewe kwenye karatasi ya kura ya ubunge. Mambo hayo mawili yalitokea kwa mpigo mmoja, uchaguzi wa 2013, na ukiyapima hayo kwanza, la watu kugeuka linabaki dogo sana.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu Lang'ata kabla ya Raila ina visa vyake.

Lang'ata ya zamani ilikuwa na nchi mbili ndani ya mpaka mmoja. Upande mmoja Karen, mashamba ya Wazungu wa zamani na matajiri wapya, ekari kwa ekari, ua mrefu na mbwa langoni. Upande wa pili Kibera, ardhi ambayo Waingereza waliwatengea askari wa Kisudani wa KAR, jeshi lao la kikoloni, na familia zao tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, watu tunaowaita Wanubi. Ardhi ya Kibera ilipotangazwa rasmi 1918 ilikuwa zaidi ya ekari 4,000. Wanubi walijenga, wakapangisha, na wapangaji wakaendelea kuja, hasa kutoka Nyanza na Magharibi, kutafuta kazi mjini. Hati ya ardhi Wanubi waliipata 2017, tena ya ekari 288 tu. Kati ya nchi hizo mbili ndipo palipoota mitaa ya watu wa kipato cha kati, kama huo wenu.

Katika uchaguzi wa Desemba 1969, chama cha KPU cha Jaramogi Oginga Odinga, babake Raila, kilikuwa kimepigwa marufuku wiki chache tu kabla, na Jaramogi mwenyewe yuko kizuizini. KANU, chama tawala, ikabaki peke yake, kwa hiyo kura ya mchujo ya KANU ndiyo ikawa uchaguzi wenyewe. Lang'ata ikamchagua Yunis Ali, Mnubi. Ukitazama ramani ya leo unaweza kushangaa jamii ndogo kama hiyo ilipataje mbunge katikati ya Nairobi. Lakini Kibera ya wakati ule haikuwa na msongamano huu uujuao, na Wanubi ndio waliokuwa wenyeji wake wenye nyumba.

Mwaka 1974 akaingia Mwangi Mathai. Pengine jina hilo hulijui, ila la mkewe wa wakati ule unalijua: Wangari Maathai. Katika kampeni za Lang'ata, Mathai aliwaahidi wapiga kura kazi. Aliposhinda, mkewe ndiye aliyeanza kuumiza kichwa: hizo kazi zitatoka wapi? Akaanzisha kampuni ndogo, Envirocare, iwape watu wa eneobunge ajira ya kuotesha na kupanda miti, na bustani ya miche ikawekwa msitu wa Karura. Kampuni haikudumu. Wazo lilibaki, na mwaka 1977, kupitia Baraza la Kitaifa la Wanawake, likawa ndilo Green Belt Movement, kazi iliyomletea Tuzo ya Nobel ya Amani 2004. Nimesikia ahadi nyingi za wagombea wa Nairobi, na sijui nyingine ya ubunge iliyozaa kitu kikubwa hivyo, tena kwa mkono wa mtu asiyeitoa.

Mathai aliangushwa 1979 na Philip Leakey, mtoto wa Louis na Mary Leakey, wale wachimbaji wa mifupa ya binadamu wa kale. Naam, Mzungu alichaguliwa Lang'ata, miaka 16 baada ya uhuru, na sehemu kubwa ya miaka ya 1980 alikuwa ndiye mbunge. Wengi hudhani alibebwa na Karen. Hesabu haikubali, maana Wazungu wa Karen hawakuwa wengi kiasi cha kumpeleka mtu popote. Ilikuwa lazima Kibera imkubali. Na iliweza kumkubali kwa sababu chini ya chama kimoja hapakuwa na rangi ya chama ya kufuata: wagombea wote walikuwa KANU, alama ni jogoo yule yule, wimbo ule ule. Aliyeshinda ni aliyejulikana, aliyekuja kwenye harambee, aliyeongea Kiswahili na watu wakacheka naye. Kabila lilikuwepo, pesa zilikuwepo, lakini swali la "huyu ni wa chama gani" halikuwepo kabisa. Hilo uliweke akilini, kwa sababu 2017 kitu kinachofanana na hicho kilirudi kwa mlango wa nyuma.

Mwaka 1988 nitaupita haraka. Ndio ulikuwa uchaguzi wa mlolongo: wapiga kura walijipanga nyuma ya picha ya mgombea, mchana kweupe, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya foleni alitangazwa mshindi bila kura ya siri kupigwa. Matokeo ya mwaka huo, mahali popote Kenya, mimi huyasoma kama hati ya serikali, si kama maoni ya watu.

Sasa tufike kwa Raila. Kifungu cha 2A, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee kisheria, kilifutwa Desemba 1991. Raila alikuwa amekimbilia Norway mwaka huo huo baada ya kuwekwa kizuizini mara tatu tangu jaribio la mapinduzi la 1982. Akarudi mapema 1992. FORD iliyokuwa moja ikapasuka: FORD-Kenya ya babake Jaramogi na FORD-Asili ya Kenneth Matiba. Jaramogi akawania urais na kiti cha Bondo. Raila angeweza kutafuta kiti salama nyumbani Nyanza, akachagua Nairobi.

Na hapa namba zinasema mengi. Nairobi ilikuwa na viti vinane. Mnamo Desemba 1992 FORD-Asili ilizoa sita. KANU ikapata kimoja, Westlands. FORD-Kenya ikapata kimoja, na hicho ndicho Lang'ata. Kwa maneno mengine mji mzima ulikuwa wa Matiba, isipokuwa pale ambapo wapangaji kutoka magharibi mwa nchi walikuwa wengi kiasi cha kuamua. Raila hakuishinda Lang'ata yote. Aliishinda Kibera, na Kibera ilitosha. Kuanzia siku hiyo kila mgombea aliyefuata alipiga hesabu ile ile: ukikusanya Karen, Lang'ata yenyewe na Nairobi West, utafikia nusu ya Kibera? Jibu lilikuwa hapana, kila mara.

Kisa ninachokipenda zaidi katika historia ya kiti hiki ni cha 1997, na wengi hukisahau kwa sababu kilimezwa na uchaguzi mkuu wa Desemba mwaka huo. Kukielewa lazima turudi 1966. Jaramogi alipojitoa KANU na wenzake kuunda KPU, serikali ya Jomo Kenyatta ilipitisha mbiombio badiliko la Katiba: mbunge akihama chama kilichomdhamini, kiti chake kinakuwa wazi, arudi kwa wananchi. Ndipo ukaja ule uchaguzi mdogo wa viti 29, Juni 1966, ambao KPU ilitoka na viti tisa tu. Sheria ilitungwa ili kumkata miguu Jaramogi, na ilifanya kazi yake. Ikabaki kwenye Katiba kama kifungu cha 40.

Jaramogi alifariki Januari 1994. Raila na Michael Wamalwa wakagombania uongozi wa FORD-Kenya, vurugu zikafika hadi uwanja wa Thika, na mwisho Raila akaona chama kile hakitakuwa chake. Mwisho wa 1996 akahamia NDP, chama kidogo kilichokuwepo kwa jina. Angeweza kufanya kama wengi wa wakati ule, kuhama kwa moyo na kubaki kwa karatasi. Hakufanya hivyo. Alijiuzulu kiti, akatii sheria iliyotungwa dhidi ya babake miaka 30 kabla, na Machi 1997 akarudi Lang'ata kuomba kura upya na tinga, yaani trekta, alama ya NDP. Akashinda.

Uchaguzi ule mdogo ulipima jambo ambalo 1992 halikulipima. Je, watu wa Kibera walikuwa wa FORD-Kenya au wa Raila? Alama ya zamani iliondoka, tinga likaja, na kura zikamfuata mtu. Babako anaposema "kwa chama chochote kile" anazungumzia hilo, hata kama hakumbuki tarehe. Desemba mwaka huo huo Raila akagombea urais kwa mara ya kwanza, akawa wa tatu kwa takriban asilimia 11 ya kura, na akatetea Lang'ata.

Hapo kuna jambo la kisheria ambalo kizazi chenu hakikulikuta. Katiba ya zamani ilimtaka rais awe pia mbunge wa kuchaguliwa. Mgombea urais alikuwa na majina mawili ya kulinda siku moja: lile la karatasi ya urais na lile la karatasi ya ubunge. Angeshinda nchi nzima akaangushwa eneobunge lake, urais ungemponyoka. Kwa hiyo Lang'ata haikuwa kiti tu. Ilikuwa mlango wa Ikulu, na wapinzani wake walijua.

Wala usidhani ndoa ya Raila na Kibera haikuwa na misukosuko. NDP ilipoanza kushirikiana na KANU, naye Raila akawa waziri wa Kawi 2001, yeye na Rais Moi walitamka hadharani kwamba kodi za nyumba Kibera ziko juu mno na zipunguzwe. Wapangaji wakalichukua neno hilo kama amri. Wenye nyumba, wengi wao Wanubi, wakakataa. Mwisho wa 2001 yakazuka mapigano, watu wakauawa, familia zikahama. Hesabu ya kisiasa ilikuwa wazi kwa kila mtu: wapangaji ni wengi kuliko wenye nyumba. Mnubi aliyempa Lang'ata mbunge 1969 alikuwa sasa kura chache kwenye eneobunge la wapangaji wake. Mimi huona mwaka 2001 unaeleza Lang'ata ya zamani kuliko kampeni yoyote, ingawa hakuna kura iliyopigwa.

2002 ilikuwa nyepesi: "Kibaki Tosha", tamko la Raila la kumuunga mkono Mwai Kibaki, muungano wa NARC, wimbi la nchi nzima. Tuende 2007.

Mwaka huo Raila alikuwa mgombea urais wa ODM dhidi ya Mwai Kibaki, na PNU, chama cha Kibaki, ikamsimamisha Stanley Livondo Lang'ata. Kampeni ya Livondo ilikuwa na pesa na kelele nyingi, na lengo lilijulikana mtaani: kumfungia Raila mlango ule wa ubunge. Asubuhi ya 27 Desemba Raila alifika kituoni Kibera kupiga kura, kamera za dunia nzima zikimtazama, na jina lake halikuonekana kwenye daftari. Fikiria hali ile: mgombea urais, mbunge wa miaka 15, amesimama mbele ya karani anayepekua kurasa. Malalamiko yakafika kwa tume ya uchaguzi ya Samuel Kivuitu, jambo likarekebishwa, akapiga kura siku hiyo hiyo. Lakini habari ilikuwa imeshazunguka Kibera kabla hajafika garini, na waliokuwa na shaka na tume wakapata ushahidi wao saa chache tu baada ya vituo kufunguliwa. Kiti cha Lang'ata alikishinda. Urais, kama ujuavyo, ulitangaziwa Kibaki tarehe 30, kwa kura 4,584,721 dhidi ya 4,352,993, na Kibera ikawaka: soko la Toi likateketezwa, reli ya kwenda Kisumu ikang'olewa na vijana kwa mikono yao.

Kutoka hapo ndipo lilipo jibu la swali lako kuu.

Maafa yale yalizaa tume ya Kriegler ya kuchunguza uchaguzi ule, na miongoni mwa mambo iliyoyaanika ni jinsi maeneobunge yalivyopishana vibaya kwa idadi ya watu. Nairobi, mji wa watu zaidi ya milioni tatu, ilikuwa bado na viti vinane. Katiba ya 2010 ikaweka viti 290 nchi nzima na kanuni ya kugawa: chukua idadi ya watu, gawanya kwa 290, upate wastani. Kwa sensa ya 2009 wastani huo ulikuwa watu 133,138. Miji iliruhusiwa kuzidi au kupungua kwa asilimia 40, yaani eneobunge la Nairobi lisipite watu kama 186,000. Lang'ata ilikuwa na watu 355,188.

Hapo hakuna njama. Watu wengine watakuambia Lang'ata ilikatwa ili kumdhoofisha Raila. Wengine watasema ilikatwa ili kumpa viti viwili badala ya kimoja. Hesabu yenyewe ndiyo iliyokata. Ilibidi zitoke mbili, na zilitoka mbili, kila moja ikiwa na watu chini kidogo ya 180,000. Tume ya mipaka ya Andrew Ligale ilipendekeza, IEBC, tume mpya ya uchaguzi, ikakamilisha 2012, na Nairobi ikatoka viti vinane hadi 17.

Ila kukata ni jambo moja, mahali pa kukatia ni jambo lingine. Kisu kilipita pale pale nchi zile mbili zilipokutana. Kibra ikapewa wadi za Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley. Lang'ata mpya ikapewa Karen, Mugumu-ini, Nairobi West, South C na Nyayo Highrise. Soma orodha hizo mbili polepole uone. Ngome yote iko kwenye ya kwanza. Ile ya pili ni wale ambao kwa miaka 20 walikuwa wakipiga hesabu ya kuifikia nusu ya Kibera na hawaifikii. Kuanzia 2013 hawakuhitaji kuifikia tena.

Pigo la pili likatoka kwenye Katiba hiyo hiyo: sasa mgombea urais haruhusiwi kuwa mgombea ubunge. Raila akalazimika kuchagua, akachagua karatasi ya juu. Lang'ata ikapiga kura ya ubunge bila jina lake kwa mara ya kwanza tangu 1988.

Machi 2013 ODM bado ilishinda pande zote mbili: Joash Olum Lang'ata, Ken Okoth Kibra. Kwa hiyo usiseme Lang'ata mpya ni ya Jubilee kwa asili. Ina Wajaluo, Waluhya na Wakisii wengi waliopanda ngazi wakatoka Kibera wakaingia nyumba za mawe mitaa ya jirani, na wengi wao hawakuacha chama walipovuka barabara. Lakini lilikuwa sasa eneobunge la ushindani, la kushindwa au kushinda kwa mgombea, na ODM iliendelea kulichukulia kama shamba la urithi. Chama kikishazoea ngome hufanya kosa moja: kinaweka nguvu zote kwenye kura ya mchujo, mgombea anatoka humo amechoka na ana maadui nyumbani, halafu kinadhani uchaguzi wenyewe umekwisha.

Agosti 2017 Jubilee ikamleta Nixon Korir, wakili kijana wa kambi ya William Ruto. Kumbuka mazingira ya mwaka ule. Kwa urais, Raila alimpita Uhuru Kenyatta Nairobi, kwa tofauti ndogo. Lakini ugavana ulichukuliwa na Mike Sonko wa Jubilee, na viti kadhaa vya ubunge vikafuata. Hiyo ina maana moja tu: kuna maelfu ya watu Nairobi waliompa Raila urais, wakaugeuza mkono kwenye karatasi nyingine siku hiyo hiyo. Hao ndio waliokuwa wakiamua mitaa kama yenu. Hawakumgeuka Raila. Walimpigia, kisha wakauliza, "na huyu wa ubunge ni nani?", kama babu zao walivyouliza 1979 walipompa Leakey.

Kibra, upande wa pili wa mstari, ilionyesha kinyume chake. Ken Okoth, mtoto wa Kibera aliyepitia Starehe Boys, alirudi bungeni 2017 bila shida, akapendwa kwa kazi ya shule na karo, akafariki kwa saratani 26 Julai 2019 akiwa na miaka 41. Uchaguzi mdogo wa 7 Novemba ukawa vita vya wakubwa. Ilikuwa baada ya salamu za maridhiano za Uhuru na Raila za Machi 2018. Ruto, akiwa bado naibu rais, alimuunga mkono McDonald Mariga, mwanasoka aliyekuwa Inter Milan ilipotwaa Ligi ya Mabingwa 2010. Afisa wa uchaguzi alimkataa kwanza Mariga kwa kuwa jina lake halikuonekana katika daftari la wapiga kura, kisha kamati ya IEBC ya kusuluhisha malalamiko ikamrudisha. Raila akasema Kibra ni chumba chake cha kulala, na mgeni haingii chumbani. ODM ilimsimamisha Imran Okoth, ndugu wa marehemu.

Imran alipata kura 24,636, Mariga 11,230, Eliud Owalo wa ANC 5,275. Magazeti yaliandika kwamba ngome imesimama, na ni kweli. Mimi nilitazama zaidi waliojitokeza: karibu theluthi moja tu ya waliojiandikisha. Chumba cha kulala kililindwa, lakini wenye nyumba wengi hawakuamka. Na kura elfu 11 kwa mgombea wa Jubilee, baada ya miezi ya helikopta na makamera, zinakuonyesha kwamba ule mstari wa 2012 ulikatwa kwenye mfupa hasa.

2022 unaijua, ulikuwepo. ODM ikarudisha Lang'ata kwa Felix Odiwuor, Jalang'o, ikabaki na Kibra kupitia Peter Orero, aliyekuwa mwalimu mkuu. Tazama ilivyoirudisha: kwa mtu ambaye kila nyumba ilimjua kwa redio na vichekesho kabla hajawa mwanasiasa. Chama kilikuwa kimejifunza kwamba Lang'ata mpya inataka jina. Korir alitetea kiti kwa UDA, chama kipya cha Ruto, akashindwa.

Kisha Februari 2023 Jalang'o akaenda Ikulu kumwona Rais Ruto pamoja na wabunge wengine wa ODM, na chama kikataka kumfukuza. Lile swali la 1966 na 1997 likarudi: mbunge akiegemea upande wa pili, kiti ni cha nani? Katiba ya sasa bado inasema anayejiuzulu chama hupoteza kiti, na sheria ya vyama inaeleza ni nani wa kuhesabiwa kuwa amejiuzulu. Ila mambo haya siku hizi huishia kwenye mabaraza na mahakama, na mwenye kiti hubaki nacho. Jalang'o hakurudi kwenu kuomba kura upya, na Machi 2025 chama chenyewe kikatia saini makubaliano na Ruto. Raila wa 1997 alirudi. Sisemi hilo kumsifu sana, maana alijua atashinda. Lakini wapo waliojua watashinda na bado hawakujiuzulu.

Raila alifariki 15 Oktoba 2025. Kwa hiyo uchaguzi mkuu wa 2027 utakuwa wa kwanza tangu 1992 ambapo mpiga kura wa Lang'ata au Kibra hataliona jina lake kwenye karatasi yoyote, si ya ubunge, si ya urais. Na mipaka nayo haijatulia: Katiba inataka ipitiwe upya kila baada ya miaka minane hadi 12, muda huo ulipita Machi 2024 IEBC ikiwa haina makamishna, na kazi hiyo itafanyika tu siku moja. Viti vitabaki 290. Wadi ndizo zinazoweza kusogezwa, na Nyayo Highrise iko ukingoni kabisa mwa ule mstari.

Ukitaka kujua mwenyewe kama majirani zako ni watu wa chama au watu wa mgombea, kuna njia rahisi na haihitaji mwalimu. Usiku wa uchaguzi, kura zikishahesabiwa, msimamizi hubandika fomu mlangoni mwa kituo. Fomu 34A ni ya urais, 35A ni ya ubunge, na zote mbili ni za watu wale wale wa kituo kile kile, wasiozidi 700. Zisome ubavu kwa ubavu. Ukikuta mgombea urais ana kura 400 na mgombea ubunge wa chama chake ana 290, basi watu wapatao 110, kama si zaidi, walikaa ndani ya kile kibanda cha kadibodi wakabadili mawazo kati ya karatasi moja na nyingine. Kwenye vituo vya Laini Saba pengo hilo huwa jembamba. Nenda ukatazame la kwenu lina upana gani, na upige picha kabla mvua haijazing'oa.